Damu ya Jumatano

Kama mtoto wako anapimwa na Mizani, soma haya kabla ya Jumatano. Usiseme utamaliza kufua kwanza. Tone likishaingia kwenye kile kikombe halirudi, hata ukipiga magoti.

Mimi ni Foibe, mama yake Damari. Huku Manyoni wengi wananijua kwa jambo moja, na wengi wamelisikia nusu. Nitalisema lote.

Ilikuwa Jumatano ya tisa tangu Damari aanze dawa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wa kushoto ameunyoosha kwangu, uso ameugeuzia ukutani.

"Anza wewe, mama," akasema.

"Mtu mzima, miaka ishirini na mitatu, unapanda ngazi za shamba la jua bila kamba, halafu unaogopa kisindano kama mguu wa chawa."

"Ngazi haichomi. Anza wewe."

Nikaanza mimi. Ndivyo tulivyofanya Jumatano zote. Kwetu mama anaonja. Uji wa mtoto unaugusa kwa ulimi wako kwanza, dawa chungu unailamba kwanza, mtoto akuone hukufa, ndipo afungue mdomo. Damari alikuwa amekua, lakini kwenye sindano alibaki mtoto. Kwa hiyo nilikuwa najichoma kidole changu, nasema "ona, hamna kitu," halafu namchoma yeye, halafu tone lake ndilo linaingia kwenye kikombe. Kikombe kinaisoma damu, kinatuma kwa Mizani, mashine iliyoko kituoni, na baada ya dakika mbili namba inawaka kwenye kioo chake.

Alama ni ndani ya mia. Ikiwaka kumi, ugonjwa unashindwa. Ikiwaka tisini, ugonjwa utashinda kabla mwaka haujaisha. Ikivuka sabini Jumatano tatu mfululizo, unatolewa kwenye dawa.

Jumatano ya saba Damari alipata sabini na moja. Jumatano ya nane, sabini na tatu.

Ugonjwa wenyewe tunauita punje. Unaanza hivyohivyo, kipele chekundu kama punje ya uwele, hakiumi, hakiwashi, unakisahau. Mwanangu alikipata nyuma ya sikio, upande ambao jua lilikuwa likimrudia kutoka kwenye vioo vya umeme wa jua alivyokuwa akiviosha kazini. Tulifikiri ni jipu. Wiki sita baadaye kilikuwa kimefika kwenye tezi za shingo. Ni ugonjwa wa watu wachache sana, kanda nzima walikuwa kumi na mmoja tu, lakini mbio zake si za kawaida. Na dawa yake inapikwa kwenye mtambo wenye vyungu sita. Wagonjwa kumi na mmoja, vyungu sita. Hapo ndipo Mizani inapoamua nani apikiwe na nani apelekewe tu dawa ya maumivu nyumbani.

Siku hiyo nilijichoma. Tone langu likavimba kwenye kidole, jekundu, zima. Nikamchoma Damari. Lake nalo likatoka. Ukiyaangalia hayana tofauti. Damari alikuwa bado anatazama ukuta, amefumba macho.

Nikaweka langu.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari."

Usidhani kikombe ni kijinga. Kuna mzee mmoja wa Itigi alijaribu kuweka damu ya mdogo wake. Kikombe kilipiga kelele mpaka majirani wakaja wakidhani ni mwizi. Kinajua damu ya mgonjwa wake. Lakini sisi tulikuwa na jambo letu. Dawa ya Damari ilipikwa kwa chembe zangu. Mwezi wa kwanza nililazwa kwenye kiti nusu siku, damu inatoka mkono huu, inapita kwenye mashine inayochuja chembe nyeupe, inarudi mkono huu. Zile chembe zikafundishwa kuitambua punje, zikatiwa mwilini mwa mwanangu. Tangu hapo Mizani iliambiwa isishtuke ikinikuta ndani ya damu ya Damari. Katika jamaa za wagonjwa wote kumi na mmoja, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na mlango huo. Na nilikuwa naujua.

Namba ikawaka. Ishirini na mbili.

Damari aliruka mpaka kigoda kikaanguka. "Mama! Mama, ona!" Akanishika mabega akanizungusha, akatoka nje bila viatu kumwambia jirani, na huyo jirani akapiga kigelegele. Mimi nikachukua ufagio. Siku ile nilifagia uwanja mara tatu, na uwanja haukuwa na hata jani moja.

*

Ijumaa tulienda kituoni kwenye dripu. Nesi Ndahani alikuwa mlangoni, anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Shikamoo mama. Leo ungekuja na jogoo kabisa!"

"Marahaba mwanangu. Jogoo wa nini?"

"Wa ishirini na mbili! Dakta Kahigi jana alinionyesha mchoro, mstari unapanda, unapanda, halafu pwaa, unashuka kama mtoto kwenye utelezi. Hatujawahi kuona." Akamgeukia Damari. "Dada, umetuheshimisha."

Damari akajifunika uso kwa khanga, anacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu mwaka uanze.

Nikakaa kwenye benchi. Ndahani akaja na mfuko wa dawa, akautundika. Nikautazama. Nikautazama tena.

"Mwanangu, mbona huu haujajaa?"

"Ndiyo habari njema yenyewe, mama. Mizani imepunguza. Aliyeshuka hivi hahitaji chungu kizima. Nusu inatosha, na nusu anapata mwingine."

"Lakini mgonjwa si bado ana uvimbe?"

"Uvimbe ni makapi tu sasa. Mizani haiangalii kwa macho kama sisi." Akachuchumaa mbele yangu, maana ni kijana anayependa kueleza. "Sikiliza mama. Punje ikiwa hai inajipukutisha. Vipande vyake vidogovidogo vinaanguka kwenye damu. Mizani inavihesabu vile vipande, inaangalia vina alama gani, halafu inalinganisha na watu wote waliowahi kupimwa. Ndiyo inasema, huyu atakwenda kule, huyu atakwenda huku. Kwa Damari vipande vimetoweka. Vyote!"

Vitapatikana wapi, kwenye damu ya mwanamke asiye na punje?

Nilifungua mdomo. Nakuambia ukweli, nilifungua. Nikisema, Jumatano ya tatu inahesabiwa, Damari anatolewa. Nikinyamaza, anapata nusu. Nikapiga hesabu ya mama mjinga: nusu chungu ni bora kuliko hakuna chungu. Nikafunga mdomo.

Jumatano iliyofuata nikaweka tone langu tena. Kumi na tisa. Na iliyofuata. Uongo ni kama mbuzi uliyemfunga uani, ukishamleta lazima umlishe kila siku.

*

Wiki ya tatu ya uongo wangu, asubuhi, Loyi akaingia uwanjani bila kubisha hodi.

Loyi aliosha vioo mstari mmoja na Damari. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye maneno mengi, mtoto wa miezi tisa mgongoni. Naye alikuwa na punje, chini ya taya. Chungu chake kilikuwa cha nne. Mama yake alishafariki, kwa hiyo akija kwangu alikuja kama kwao.

"Mbukwa, mama Damari! Kaa chini usije ukaanguka."

"Mbukwa. Kuna nini?"

"Thelathini na moja!" Akatoa kigelegele mwenyewe, mtoto mgongoni akashtuka akaanza kulia. "Kutoka hamsini na nane, mama, thelathini na moja! Ndahani anasema nimeshika njia ya Damari. Anasema Mizani sasa inaijua hiyo njia. Wamenipunguzia dawa, nusu kama yeye! Shika."

Alinipa kikapu. Mayai kumi na mawili, kila moja limeviringishwa kwenye nyasi.

"Ya nini haya, Loyi?"

"Ya kushukuru. Mtoto wako ametutangulia, ametufyekea njia. Pokea bwana, usinitazame kama mkusanya ushuru."

Nikapokea.

Akakaa kumnyonyesha mtoto. Mtandio ukateleza, na mimi nikaona. Mwezi uliopita kile kitu cha Loyi kilikuwa kama harage. Sasa kilikuwa kama zabibu, zabibu ile nyeusi iliyokomaa, inang'aa, na pembeni yake kulikuwa na vingine viwili vidogo.

"Loyi, hicho kimekua."

"Makapi hayo!" Akajifunika. "Ndahani kasema ni makapi. Mama Damari, unapenda kuogopa wewe."

Alipoondoka sikuingia ndani. Nilienda moja kwa moja mpaka kituoni, kwa miguu, na njiani nilikuwa najisemesha mpaka watu wananipisha. Nikamkuta Ndahani anapanga mifuko.

"Nieleze," nikasema. "Kwa nini Mizani imempa Loyi thelathini na moja?"

"Kwa sababu vipande vyake vinapanda kama vya Damari vilivyopanda."

"Vinapanda? Si umesema anashuka?"

"Alama ndiyo inashuka, mama. Vipande bado vinapanda kidogo. Zamani Mizani ingeona hivyo ingesema hatari. Sasa imejifunza kwamba kupanda kwa namna ile ni dalili ya kuelekea kushuka."

"Imejifunza kwa nani?"

Akanishangaa. "Kwa Damari! Ndiyo uzito wa ugonjwa wa watu wachache, mama. Malaria wagonjwa ni maelfu, mmoja akikosewa wengine wanamsahihisha. Punje mko kumi na mmoja. Kila mgonjwa ni mwalimu wa Mizani, na Damari ndiye pekee aliyeshuka kwa kishindo. Ndiye mwalimu mkuu."

Nilishika meza.

"Mama, upo sawa?"

"Jua tu," nikasema.

Na ndani hapakuwa na jua hata kidogo.

*

Siku nne nilizunguka. Nikiteka maji naacha bomba wazi, ndoo inafurika, naangalia tu. Nikiweka chumvi nasahau, naweka tena. Nilikuwa na mawazo mawili, na kila moja lilikuwa na mtoto. Hili lilikuwa na Damari. Lile lilikuwa na yule mtoto wa miezi tisa anayenyonya kwa mwanamke anayeoza shingoni huku anacheka. Nikasema, labda Mizani iko sahihi, labda Loyi anapona kweli. Nikasema, Mungu ana njia zake. Mtu akitaka kunyamaza hakosi maneno mazuri ya kujinyamazisha.

Jumatatu mchana Damari alikuwa anafua sare zake za kazini, maana alikuwa amesema anarudi kazini mwezi ujao. Akasimama, mikono ina povu.

"Mama, njoo uguse hapa."

Aliinua mkono. Kwapani palikuwa na kitu. Kigumu, kimetulia, kama mtu aliyehamia na mizigo yake.

"Mizani inasema kumi na tisa," akasema. "Kumi na tisa, mama. Hiki ni nini basi?"

Nilisema bila kupanga. Nilisema yote, nimesimama, mkono wangu bado uko kwapani mwake. Tone langu. Jumatano ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Nusu chungu. Loyi.

Hakulia. Alikaa kwenye ukingo wa beseni, na maji ya sabuni yakalowesha gauni lake, na hakujali.

"Loyi anajua?"

"Hajui."

"Anajua nini sasa?"

"Anajua anapona."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza nini, mwanangu? Wangekutoa! Sabini na moja, sabini na tatu, na ile ya tatu ungevuka tu, nilijua. Niliona jinsi ulivyokuwa unahema ukipanda kitandani. Ningekaa nikutazame wanazima chungu chako?"

"Uliona naogopa sindano, ukadhani naogopa kila kitu."

"Damari..."

"Mimi nimeosha vioo na Loyi miaka mitatu. Nikiteleza yeye ananishika, akiteleza namshika. Leo namvuta kwa mguu nami sijui. Umenifanya mchawi, mama, na mimi nimelala."

Neno lile lilinipiga pahala ambapo hata sasa nikigusa panauma. Nikamshika mikono, nikamsihi. Nikasema tusubiri kidogo, tone la Jumatano hii tuweke lake, tuone kwanza, labda si mbaya, labda ikishuka yenyewe hakuna atakayejua. Nikasema wiki moja tu.

"Loyi ana wiki ngapi?" akauliza.

Akajikausha mikono kwa gauni lake, akavaa ndala.

"Unakwenda wapi? Sare hujazisuuza."

"Zitangoja," akasema. "Unakuja, au niende peke yangu?"

*

Dakta Kahigi ni mwanamke mfupi asiyepandisha sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ndahani alikuwa amesimama nyuma yake, na yule kijana wa vicheko uso wake ulikuwa umekauka kama ngozi ya ngoma.

"Matone mangapi?" dakta akauliza.

"Matatu."

"Ya Jumatano ngapi na ngapi? Taja moja moja."

Nikataja. Akaandika. Kisha akamchoma Damari mwenyewe, kwenye mshipa wa mkono, na Damari hakugeuza uso. Alitazama sindano inaingia mpaka ikatoka. Damu ikapelekwa moja kwa moja kwenye Mizani yenyewe, ambayo sikuwahi kuiona. Ni sanduku tu, refu kama kabati la vyombo, linanguruma taratibu. Nililiogopa miezi mitatu kumbe ni sanduku.

Sabini na nane.

"Hiyo ndiyo ya tatu," dakta akasema. Hakuisema kwa ukali. "Matone yako nayafuta. Lakini nikiyafuta na kuweka hili, Mizani itahesabu, na chungu kitakwenda kwa mwingine. Sheria hiyo sikuitunga mimi, na siwezi kuivunja kwa mtu mmoja. Natamani ningeweza. Naomba mjue hivyo."

"Kama angepewa chungu kizima hizi wiki tatu?" nikauliza.

Ndahani akaangalia sakafu.

"Sijui, mama," dakta akasema. "Labda ingefika hapohapo. Labda ingefika sitini. Sitakudanganya, na wewe usijiulize kila siku."

Najiuliza kila siku.

"Futa," Damari akasema. "Halafu mpime Loyi."

Loyi alikuwa chumba cha pili, amekuja kuchukua dawa ya mtoto ya kikohozi. Kuta za kile kituo ni mbao nyembamba. Alikuwa amesikia. Aliingia mtoto amemkumbatia kifuani, akasimama mbele yangu kabisa, karibu mpaka nikasikia harufu ya maziwa.

"Nilikuletea mayai," akasema.

"Ndiyo."

"Ukayapokea."

"Niliyapokea."

"Ukayala?"

"Sikuweza. Yapo ndani ya kikapu, vilevile."

"Basi yameoza," akasema. "Umeona? Hata mayai. Si ungekula basi, angalau mtu mmoja ashibe."

Damari akataka kumshika mkono. Loyi akautoa, si kwa nguvu, aliutoa tu.

"Wewe sina neno na wewe," akamwambia. Kisha kwangu: "Nilikuwa nakwambia huku natoka jasho kwa furaha. Uliona hiki kitu shingoni mwangu. Uliniambia kimekua, kisha ukaniacha nikaondoka nacho. Siku nne! Mimi sina mama. Nilidhani... " Akakata. Mtoto akaanza kulia, akamtikisa. "Ningekuwa na mama angefanya kama wewe, na ningemchukia hivihivi. Dakta, nipime."

Walimpima. Sitini na nne. Mizani ilipofundishwa upya ilisema sitini na nne, chungu kizima, kuanzia leo hii. Akakaa kwenye kiti cha dripu palepale, mkono mmoja umefungwa bomba, mkono mwingine una mtoto anayehangaika kutaka kushuka. Damari alivuta kiti, akakaa karibu, akamchukua mtoto. Loyi alimruhusu. Mimi nilibaki mlangoni, na hakuna aliyeniambia ingia.

*

Mama mwenzangu, huenda unasema, ningefanya kama yeye. Najua. Ndiyo maana naandika. Utajiona unampigania mtoto wako na sanduku. Sanduku halina mtoto. Upande wa pili wa sanduku kuna Loyi, na utakuwa humwoni mpaka akuletee mayai. Na mtoto wako mwenyewe, kabla hujamwibia damu yake, muulize. Ana mdomo.

Jumatano iliyofuata, mchana, Loyi alikuja kwangu. Hakunisalimu, hata mbukwa hakusema. Aliweka kikombe chake juu ya meza yangu, akakaa, akaunyoosha mkono.

"Nichome wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Kila Jumatano, mpaka niseme basi. Na namba utaisoma wewe, kwa sauti, kabla sijaiona."

Nilikosa kidole mara ya kwanza. Hakuguna. Mara ya pili damu ikatoka, nikaiweka mbele ya macho yake, taratibu, vidole vyangu nimevikunjua vyote aone. Tukangoja zile dakika mbili. Mtoto alikuwa anatambaa chini ya meza, anavuta ukingo wa gauni langu.

"Soma."

"Sitini na tano."

"Tena."

"Sitini na tano, Loyi. Imepanda moja."

Alivuta pumzi, akatikisa kichwa. "Haya. Moja naiweza." Akamgeukia Damari, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka karibu na mlango, pale penye upepo. Siku hizi alikuwa anachoka mapema. "Na wewe?"

Kikombe cha Damari kilikuwa bado kwenye rafu. Walisema watakuja kukichukua, hawakuja. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka kama kawaida, haijui kitu. Nilikichukua. Nikachukua na sindano mpya. Nilitaka kujua. Nitakuwa mwongo nikisema sikutaka, nilitaka mpaka meno yananiuma.

Nikapiga magoti kwenye mkeka.

"Damari," nikasema. "Tupime?"

Alifungua jicho moja. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akamtazama Loyi. Nje mtu alikuwa anapiga mluzi anapita na baiskeli, na Damari alingoja mluzi upite.

"Hapana," akasema. "Leo nina njaa tu."

Sindano ilikuwa mkononi mwangu, imeshatolewa kwenye karatasi. Nilikaa nayo kidogo. Kisha nikairudisha kwenye karatasi yake, nikakifunga kikombe ndani ya kitambaa, nikakiweka nje juu ya kizingiti, wakija wakikute.

"Mlenda upo," nikasema. "Ugali nasonga sasa hivi."

"Weka na karanga," akasema Damari.

Nikasonga. Loyi hakuaga, na mimi sikumwambia abaki, lakini nilipotenga alinawa. Tulikula sahani moja. Mtoto akawa anamsumbua, anaingiza mikono kwenye mboga, na baada ya muda Loyi akamnyanyua na, bila kusema neno, akanipakatisha mimi ili apate kula. Nilimshika. Alikuwa mzito, wa moto, ananuka maziwa. Loyi aliendelea kumega tonge moja baada ya jingine, na muda wote ule macho yake hayakutoka kwenye mikono yangu.